Taili za jiko na bafu katika nyumba ya Lamu: anza na sakafu, si na rangi

Wengi huanzia dukani. Wanaona taili nyeupe ya sentimita 60 kwa 60, inang'aa kama kioo, wanalipa, halafu ndipo fundi anaitwa aje kuitazama sakafu. Kwa nyumba ya Lamu huko ni kutanguliza mkia. Hapa anayechagua taili ni sakafu, wewe unamfuata.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: bafu lako limekalia nini? Kama uko Malindi, au una nyumba mpya ya bloku na slabu ya zege, aya inayofuata ipite tu. Lakini orofa ya nyumba ya kale ya Lamu imelala juu ya boriti za mikoko. Juu ya boriti kuna mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe hayo kokoto na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashika. Sakafu hiyo imebeba watu kwa vizazi, ila ina tabia mbili: inacheza kidogo ukitembea, na haipendi mzigo wa ghafla.

Na mzigo mkubwa si taili yenyewe. Taili ya poselini yenye unene wa milimita 8 ina uzito wa kilo 18 au 19 hivi kwa mita moja ya mraba. Gundi yake huongeza kilo nne au tano. Balaa ni lile tabaka la simiti na mchanga analopenda kumwaga fundi ili asawazishe: likiwa na unene wa sentimita 5 ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Bafu dogo la mita tatu za mraba linakuwa limeongezewa kilo 300 kabla ya taili hata moja kuwekwa. Mwambie fundi asawazishe pale palipobonyea tu, na kabla ya hapo mshuke chini mkatazame boriti. Boriti iliyo nyeusi, inayomung'unyika ukiichoma kwa bisibisi, ibadilishwe kwanza. Na ikiwa nyumba imo ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho kabla ya kung'oa sakafu ya zamani. Ni rahisi kuuliza kuliko kurudisha.

Kuna jambo jingine la kupima ambalo husahaulika hadi siku ya mwisho, nalo ni mlango. Taili ya milimita 8 pamoja na gundi huinua sakafu kwa milimita 12 hadi 15. Pima nafasi iliyopo chini ya mlango wako mahali pa chini kabisa, si katikati. Mlango wa kisasa utarandwa kwa dakika kumi. Mlango wa nakshi haurandwi. Hapo utafute taili nyembamba au ukubali kung'oa sakafu iliyopo, kama inaruhusiwa. Na sakafu ya bafu ibaki chini ya ile ya ukumbini kwa sentimita 2 hivi, au pawe na kizingiti, vinginevyo maji ya kuoga yatatoka nawe.

Sasa tuje kwenye taili yenyewe. Madukani utakuta za seramiki na za poselini. Poselini hunywa maji kidogo mno, asilimia 0.5 au chini ya hapo. Seramiki za ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Usiamini rangi ya mgongo wake. Ni kweli kwamba zile zenye mgongo mwekundu ni seramiki, ila ziko seramiki zenye mgongo mweupe vilevile, na ndizo zinazouzwa kwa jina la poselini. Geuza taili, dondosha matone machache ya maji mgongoni, subiri dakika moja. Tone likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ni ya ukutani. Likibaki limekaa juu, ichukue, ni ya sakafuni.

Kuhusu kuteleza, tafuta herufi R kwenye pakiti. Kipimo chake kinaanzia R9, iliyo laini, hadi R13, iliyo kama msasa. Jikoni R10 inatosha. Bafuni mnamosimama pekupeku, chukua R11, au ile iliyoandikwa B katika kipimo cha miguu mitupu. Usipande zaidi ya hapo kwa uoga: taili yenye mikwaruzo mingi hushika uchafu wa sabuni, na kitambaa cha kupigia deki kinachanika juu yake. Kama pakiti haina maandishi, omba kipande kimoja, kipeleke nyumbani, kimwagie maji ya sabuni na ukikanyage bila viatu. Cha jikoni kipake mafuta ya nazi.

Jiko la huku lina adui wake maalumu, naye ni manjano. Mchuzi wa samaki ukimwagika kwenye taili ya poselini iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, doa la njano linaweza kuingia, kwa sababu kule kusugua hufungua vitundu vidogo vilivyokuwa vimefungwa. Taili isiyong'aa, yenye rangi ya mchanga au kijivu cha madoadoa, itakusitiri zaidi. Mchanga nao una kazi yake: unaingia na ndala siku nzima, na punje zake zinakwaruza rangi ya juu ya taili. Taili nyeusi huonyesha kila mkwaruzo. Kwenye pakiti tafuta PEI, kipimo cha rangi ya juu kuvumilia mikwaruzo: PEI 4 kwa jikoni. Bafuni PEI 3 inatosha.

Ukubwa sasa. Bafu linahitaji mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Taili ya 60 kwa 60 haikunjiki. Ili ifuate mteremko kutoka pande nne lazima ikatwe kwa kona, na kila mkato ni kazi na upotevu. Kwa bafu la kawaida la Lamu chukua 30 kwa 30, na pale unaposimama kuoga tumia vipande vidogo vya 5 kwa 5 vilivyobandikwa kwenye wavu. Vidogo vina viungo vingi, yaani mianya kati ya taili na taili, na viungo vingi ndivyo vinavyoshika mguu. Tena vyumba vya kale havina kona za mraba. Taili kubwa itakutangazia upogo wa ukuta kwa kila anayeingia.

Hesabu tuifanye mara moja kwa jiko la mita 3.2 kwa 2.6. Eneo ni mita za mraba 8.32. Kila taili ya 30 kwa 30 ni 0.09, kwa hiyo ni taili 92.4. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya kuta zilizopinda: 106.3. Chini ya ukuta, mzunguko wa mita 11.6 ukitoa mlango wa sentimita 80 unabaki 10.8, taili moja ikikatwa vipande vitatu vya takriban sentimita 10 kwenda juu inakupa sentimita 90, yaani taili 12. Jumla ni 119. Pakiti ya vipande 17 inakupa pakiti saba kamili. Nunua nane. Ya nane ni ya mashua, punda na miaka kumi ijayo. Gundi: mfuko wa kilo 20 kwa mwiko wa meno ya milimita 10 unatandika kama mita nne za mraba, kwa hiyo mifuko mitatu.

Kabla ya kulipa soma namba ya toleo na ya toni, yaani kiwango cha rangi, kwenye kila pakiti. Zisipolingana, rangi hazitalingana, hata kama jina ni moja. Aliye Malindi anaweza kurudi dukani kesho yake. Wewe mzigo wako umetoka Mombasa, umepanda mashua Mokowe, na ile toni huenda imekwisha. Pakiti zisafiri zimesimama kwa ubavu, kamwe zisilazwe, na zifunikwe turubai; boksi likilowa maji ya bahari linapasuka mkononi. Pakiti ya namna hii ni kama kilo 28, basi moja kila upande yamtosha punda.

Kwenye kuweka ndiko taili nzuri huharibiwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ikapanda kwenye viungo na kuchanua nyeupe. Weka chembe ulimini. Ukikolea chumvi, usiupokee. Maji ya kuchanganyia yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kunywa, si ya kisima cha munyo. Mafundi wa zamani huloweka taili kwenye ndoo kisha huzipachika kwa simiti tupu. Hilo liliifaa seramiki, inayonywa. Poselini haina inaponywea, simiti haishiki, na baada ya miezi taili inanyanyuka nzima, safi mgongoni kana kwamba haikuwahi kuwekwa. Tumia gundi ya taili, na taili ziwe kavu.

Gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno, mistari ielekee upande mmoja. Kuna mtindo wa kuweka matonge matano kama kete za bao na kubonyeza taili juu yake. Kati ya matonge panabaki hewa. Sufuria ikianguka hapo taili inapasuka, na bafuni maji yanakusanyika humo yakanuka. Baada ya siku moja gonga kila taili kwa mpini wa mwiko. Inayolia wazi kama mtungi mtupu ing'olewe kabla ya kujaza viungo.

Bafu la orofani halivumilii uzembe wa maji. Kabla ya taili, paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, mpako wa pili ukikatiza wa kwanza, na kona zitiwe utepe wa kitambaa. Ipande ukutani sentimita 15 pande zote, na mita 2 pale pa kuogea. Ikikauka ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2, uyaache saa 24, kisha shuka chini utazame boriti. Doa lolote, rudia. Maji yakifika kwenye boriti, mchwa hawako mbali.

Kuta za mawe ya matumbawe hupumua. Usizifunike kwa taili toka chini hadi dari; jikoni sentimita 60 juu ya meza zinatosha, na juu yake acha lipu ya chokaa. Ukifunga kote, unyevu utatafuta njia upande wa pili, mara nyingi chumbani kwako. Birika la kale, lile tangi la maji lililojengwa bafuni, likiwa na chokaa yake safi, tafadhali, liache kama lilivyo.

Viungo viwe milimita 3, na pembeni mwa chumba acha milimita 5 bila grauti, ule ujazo wa viungo. Zifichwe na kipande cha chini ya ukuta, maana sakafu ya boriti inacheza. Kona za bafu zijazwe silikoni. Grauti nyeupe jikoni itakuwa ya njano kabla ya Ramadhani kufika, kwa hiyo chukua ya kijivu, au ya epoksi kama mfuko unaruhusu. Na fundi akitaka kumalizia kwa asidi ili kung'arisha, mzuie: asidi inakula grauti, ikigusa chokaa au jiwe la matumbawe inatoa povu na kulimumunya. Maji na sifongo, grauti ikiwa bado mbichi, ndiyo usafi wake.

Msioge humo mpaka siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa gundi na wa grauti zitimie. Pakiti ya nane andika juu yake kwa kalamu namba ya toleo, toni na chumba, uiweke chini ya ngazi, imesimama kwa ubavu.