Mwanangu, kuhusu mgowe na ile hela ya vibarua

Kamwene mwanangu,

Meseji yako nimeisoma afu nikamsomea na mama yako, tukaona hii sio ya kujibu kwenye simu, salio lenyewe linakata katikati ya maneno, bora nikae niandike. Umeuliza kwa nini lile shamba la mlimani bado tunalilima kwa mgowe, huku kulimiana kwa zamu na majirani, mama yako anahangaika kupika pombe na kulisha watu wote wale, wakati wewe uko Dodoma una kazi yako na uko tayari kutuma hela tuweke vibarua tumalize. Na umepiga hesabu kabisa, unga, maharage, mahindi ya pombe, kuni, ukaona inakaribiana na hela ya vibarua. Hesabu nimeipitia iko sawa mama. Ila kuna mambo hukuyaweka.

Anza na mvua. Huku Kilolo msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka, mvua inaingia mwezi wa kumi na moja mwishoni, ikichelewa ni wa kumi na mbili, na ikishalowesha udongo kila nyumba inataka kupanda wiki hiyohiyo, maana ukizembea mahindi yatakuja kukatikiwa na mvua kabla hayajakomaa. Sasa hao vibarua wiki hiyo unawatoa wapi? Kibarua wa huku ni mkulima mwenzako, shamba analo na mvua anayoisubiri ni hiyohiyo unayoisubiri wewe. Anayekubali kuja kwako siku hizo ujue ndani kwake hakuna unga, kaacha shamba lake halijapandwa ili watoto wale leo, na mwakani wakati kama huo atakuwa na njaa kubwa kuliko ya mwaka huu, atarudi tena kwako kuomba kibarua. Nimewaona watu wa hivo hapahapa kitongojini, mwaka wa kwanza kibarua, wa pili kibarua, wa tatu anakodisha shamba lake mwenyewe kwa mtu wa mjini. Sitaki hela ya mwanangu ifanye kazi hiyo. Na trekta usiniambie, ule mteremko unaujua, hata ng'ombe wa jembe hawaupandi.

Mgowe unaondoa hilo. Tunapeana zamu, leo kwangu kesho kwa jirani, mvua inatukuta sote tunasogea pamoja na hakuna shamba linaloachwa. Unapita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla unaalika, unabisha hodi, unasalimia vizuri, unasema kesho kutwa kwangu kuna kazi, basi. Asiyeweza anatuma kijana wake. Anayekacha bila sababu hasemwi wala hagombezwi, ila siku yake ikifika atajikuta yuko na mkewe na watu watatu, na msimu unaofuata anakuwa wa kwanza kufika kwa watu.

Wewe ulikuwa unaletwa ukiwa mdogo kubeba maji ya kunywa kwa hiyo labda hukuangalia kazi yenyewe inavyoenda. Watu wanafika ukungu bado umekaa bondeni, wanajipanga chini kabisa ya shamba, mzee mmoja anagawa ngwe kwa hatua zake, kila mtu na ngwe yake, afu mnalima mkipanda juu. Mwenye nguvu hawekwi karibu na mwenye nguvu mwenzake, anawekwa pembeni ya mama mjamzito au mzee, ili akimaliza kipande chake amegee na cha jirani bila mtu kuombwa. Wimbo unaanzishwa na yeyote, jembe linafuata wimbo. Kabla jua halijawa kali heka nzima imeshageuka nyeusi, ndo ugali na maharage vinaletwa.

Na yule bibi wa juu kwetu, wa kwenye miparachichi, yeye hana hata mia ya kumlipa kibarua na watoto wake hawapigi simu. Lakini mgowe wake upo kila mwaka na tunaanza na wa kwake, nguvu za kurudisha zamu hana, anachoweza ni kupika togwa na kuwashikia kina mama watoto wao wakati wa kazi, na hiyo inahesabika. Nyumba zenye uwezo zote zikihamia kwenye vibarua huyu bibi atalimiwa na nani? Tukijitoa sisi na mwingine akajitoa, mgowe umekufa, maana unasimama kwa wingi wa nyumba.

Kuhusu pombe, hapo nakubaliana na wewe nusu. Wakati wa kupanda mahindi, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unakuwa bado, kwa hiyo mama yako anapika komoni ya mahindi, na kweli ni kazi na inakula mahindi. Ila sikuhizi waliookoka ni wengi, hawanywi, tumekubaliana kila nyumba iweke na togwa, na wengine wanaweka togwa peke yake na watu wanakuja vilevile. Palizi ndo ulanzi unakuwepo na huo haununuliwi, nagema mwenyewe. Mlanzi mchanga, ule mwanzi wenyewe, ukichomoza na kurefuka kidogo unakata ile ncha kwa kisu kikali, afu kila asubuhi na jioni unarudi kuuchonga pale juu kidogo tu, kama wiki nzima hivi, mpaka uanze kudondosha, ndo unautegea mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. Wa siku hiyohiyo ni mtamu hata mtoto anakunywa, ukilala unakuwa mkali. Kwa mgowe mimi napeleka mtamu, mkali wataukuta jioni majembe yameshawekwa chini. Mtu kulewa na jembe mkononi sikubali kabisa na nimeshasema kwenye kikao.

Shida kubwa mwanangu sio pombe, ni vijana. Wengi wameenda kwenye mbao Mafinga, mabinti wako Dar wanafanya kazi za ndani, ngwe zinabaki kwa sisi wa umri huu na akina mama. Ndo maana nasema hela yako tunaihitaji, tena sana, ila isiende kwa vibarua. Ipeleke kwenye mbolea. Mbolea ya ruzuku nimeshajiandikisha, namba ninayo, tunataka DAP mifuko miwili ya kupandia na Urea miwili ya kukuzia, na kama utaweza ongeza mfuko mmoja wa yule bibi. Majembe pia, yetu yamelika mpaka yamebaki kama vijiko, nunua mawili hapo Dodoma umpe mtu wa basi.

Itume kabla ya mwezi wa kumi kuisha, baada ya hapo kwa wakala ni foleni na mzigo unaisha. Ukituma piga simu kwanza nisikie sauti yako maana matapeli wa meseji wamezidi. Mama yako anakusalimia, anauliza kile kifua kimepona.

Baba yako