Dragsta za zamani: injini ya skrepa, blowa ya lori

Mkuu umeuliza injini ya gari la kutembelea la 1958 iliwezaje kutawala mbio za dragsta, yaani magari ya kukimbia mstari mnyoofu wa robo maili, zile mita 402. Naomba nijibu kwa kirefu. Mimi ni fundi huku California, na mashindano ya Machi pale Famoso, karibu na Bakersfield, yaliyoanza 1959, huwa siyakosi.

Injini yenyewe ni Chrysler Hemi 392, lita 6.4, iliyofungwa kwenye magari yao makubwa ya 1957 na 1958. Chumba chake cha mwako ni cha kuba na valvu zinaangaliana, kwa hiyo zina nafasi ya kuwa pana. Hewa inaingia upande huu na moshi unatokea ule. Bloku ni chuma kizito, kinavumilia mateso. Vijana waliinunua skrepa.

Sasa blowa, na hapa mafundi wa dizeli mtanielewa haraka. Lile dude juu ya injini ni blowa, pampu ya kusukumia hewa ndani, iliyotolewa kwenye injini ya lori, 6-71 ya GMC, maana yake silinda sita zenye inchi za ujazo 71 kila moja. Hiyo ni dizeli ya mipigo miwili, ambayo haina mpigo wa kuvuta hewa, hivyo lazima isukumiwe. Jamaa wakaifungua blowa, wakaipachika juu ya Hemi, ambayo ni V8, wakaizungusha kwa mkanda kutoka kwenye krenki. Ubunifu wa namna hii ndio unaonifanya nizipende dragsta za zamani kuliko za kisasa, ambazo kila kipande kinachongwa kwa ajili ya mbio tu.

Mafuta ni nitromethani. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Nitro inatosheka na 1.7 tu, kwa sababu ina oksijeni yake ndani. Nguvu yake kwa kilo ni ndogo kuliko petroli, ila kwa hewa ileile unachoma nyingi zaidi, na nguvu unayopata inazidi mara mbili. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, waliipiga marufuku 1957, wakairudisha miaka ya 60.

Kuwasha ndiko kutamu. Pikapu inasukuma dragsta kwa nyuma, dereva anaachia klachi, injini inazunguka bila moto. Anasubiri presha ya oili ipande, ndipo anafungulia magineto, kifaa cha kutoa cheche. Inapasuka sauti unayoisikia kifuani, macho yanachuruzika machozi kwa mvuke wa asidi, na hakuna anayeondoka.

Hatari nayo ilikuwepo. Dereva alikaa nyuma ya ekseli, klachi na giaboksi vikiwa katikati ya miguu yake. Machi 1970, uwanja wa Lions huku California, giaboksi ya dereva maarufu Don Garlits ililipuka ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma yake, akashinda mashindano ya NHRA ya Winternationals kule Pomona. Wengine walishajaribu mpangilio huo, magari yakawa yanayumba. Yeye alipunguza wepesi wa usukani, likanyooka. Baada ya hapo wenzake walimfuata karibu wote.

Hemi 426 ya 1964, ya Chrysler hao hao, ilikuja kuipiku 392, hilo sibishi. Lakini ukiniambia nichague moja ya kufungua na kuifunga upya, nachukua 392.