Gari dogo la zamani linapitaje ukaguzi wa mwaka?

Gari langu lina miaka 17, injini yake ni ya cc 1,300, na kila ukaguzi unapokaribia naulizwa swali lile lile: hivi hilo bado linapita? Linapita. Limepita miaka 5 mfululizo bila kurudishwa. Kabla ya hapo lilikuwa linarudishwa karibu kila mwaka, ingawa wakati huo lilikuwa na umri mdogo zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia gari la zamani ni bahati nasibu siku ya ukaguzi, simkubalii. Vinavyoliangusha vingi ni vitu vidogo vilivyokaa miezi vikisubiri kuonwa.

Mimi nilifunguliwa macho na breki za nyuma. Gari lilikuwa linasimama vizuri barabarani, pedi za mbele nilikuwa nimeziweka mpya, nikaingia ukaguzini kifua mbele. Magurudumu ya nyuma yakawekwa kwenye rola za kupimia breki, mkaguzi akaniambia nikanyage polepole. Sindano ya kipimo cha upande wa kulia ikapanda. Ya kushoto ikatetemeka, ikapanda kidogo, ikabaki pale pale. Nikakanyaga tena, hali ikawa ile ile. Gari likarudishwa.

Fundi alipofungua dramu ya kushoto, lile bakuli la chuma linalofunika breki ya nyuma, unga mwekundu wa kutu ulimwagika chini. Pistoni moja ya silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya breki, ilikuwa imeganda, haitoki hata ukikanyaga kwa nguvu zote, na viatu vya breki vya upande ule vilikuwa vinene kama vimetoka dukani jana. Havikuwa vimefanya kazi kwa muda mrefu, na mimi nikiwa kwenye usukani sikuhisi chochote.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ndiyo inayoangusha magari mengi ya aina hii. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele hubeba uzito wake mwingi mbele, na ukikanyaga breki uzito unaegemea mbele zaidi. Breki za nyuma zinabakiwa na kazi kidogo tu. Chuma kisichofanya kazi hushika kutu, hasa kwenye gari la safari fupi linalolala siku tatu bila kuwashwa. Dereva haoni tofauti kwa sababu breki za mbele zinambebea mzigo wote, lakini mashine inapima kila gurudumu peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, gurudumu likitoa chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake kwenye ekseli moja, hiyo ni kasoro ya kulirudisha gari.

Siku hizi, mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, nafanya jambo moja ambalo halihitaji mashine. Nasimamisha gari mahali tambarare, naziba magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, naachia breki ya mkono, kisha nainua nyuma kwa jeki na kuweka stendi imara. Mtu mmoja anakanyaga breki taratibu sana huku mimi nikizungusha gurudumu kwa mkono. Nasikiliza linaanza kushika wakati gani, nahamia upande wa pili. Pande mbili zikishika kwa kupishana sana, nampigia fundi. Halafu narudia kwa breki ya mkono, jino moja moja. Mafuta ya breki nayo nabadilisha kila baada ya miaka 2, kwa sababu yanafyonza unyevu, na unyevu huo ndio unaoziozesha silinda kwa ndani.

Moshi ni jambo la pili, na hapa gari dogo linaumia kwa safari fupi tena. Katalisti, kifaa kinachosafisha moshi ndani ya ekzosi, haianzi kufanya kazi vizuri mpaka ifike kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ukitoka nyumbani, ukaendesha dakika tano, ukaingia kwenye foleni ya ukaguzi na kuzima injini, unapimwa na katalisti iliyopoa. Mimi siku hiyo naendesha nusu saa barabara kuu kwanza, na nikiwa kwenye foleni naacha injini inanguruma. Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: tundu dogo kwenye bomba la ekzosi linaweza kukuangusha hata kama injini ni nzima kabisa. Hewa ya nje inaingia, kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta kinachoitwa lamda kinapanda kupita 1.03, na mashine inasoma kwamba injini inachanganya vibaya. Utanunua sensa na plagi bure, kumbe ilikuwa gasketi ya ekzosi.

Na tafadhali usifute hitilafu kwa kuchomoa betri asubuhi ya ukaguzi ili taa ya injini izimike. Kompyuta ya gari inaanza upya kujipima, na penye ukaguzi unaosoma kompyuta hiyo itaonekana wazi kwamba bado haijamaliza. Zaidi ya hapo, kasoro bado ipo na wewe ndiye unayebeba watu ndani.

Kutu ndiyo kitu pekee kinachonifanya nimwambie mtu aachane na gari. Kutu ya mlangoni au kwenye boneti ni ya kuudhi macho tu. Ninayoiogopa ni ya uvunguni, kwenye mihimili ya pembeni, pale springi inapokalia, na pale mkanda wa usalama unapofungwa. Sehemu hizo ndizo zinazokushika gari likigongana. Nimeona mtu amezipaka puti na rangi nyeusi nzito juu yake, ikapendeza. Mkaguzi akagonga kwa kifaa chake, kikazama. Kama chuma kimeliwa kinakatwa na kuchomelewa kingine, na kama kimeliwa kila mahali basi gari limemaliza safari yake. Bushi, boljointi na shokapu, kwa upande wao, hazinitishi. Kwenye gari dogo ni vipuri vyepesi, vinabadilishwa kwa siku moja, na vinajitangaza mapema kwa kugonga kila unapopita kwenye shimo.

Matairi, taa, waipa, honi: haya mtu yeyote anayakagua kwa robo saa, na inaniuma kuona gari zima linarudishwa kwa balbu ya namba. Kina cha chini cha mifereji ya tairi kinachokubalika katika nchi nyingi ni milimita 1.6, na tairi lenyewe lina vinundu ndani ya mifereji vinavyokuonyesha umefika. Tazama pia upande wa ndani wa tairi, ule usiouona ukiwa umesimama, maana ndiko linakolika bila wewe kujua. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taa za mbele zikiwa na ukungu wa njano, zing'arishe kabla, kwa sababu mwanga unatawanyika.

Na gari likirudishwa, usichukue karatasi ukaondoka na hasira. Mwombe mkaguzi akuonyeshe kasoro kwa tochi, uiguse. Kisha soma maangalizo, yale aliyoyaandika ingawa hayajaliangusha gari. Miaka yote niliyokuwa narudishwa, kasoro ilikuwa imeandikwa tayari kama angalizo mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeikunja karatasi na kuisahau kwenye kabati la dashibodi.

Mwaka huu nimepewa angalizo moja: mpira unaofunika kiungo cha ekseli ya kulia na kuhifadhi grisi yake umeanza kupasuka, grisi bado haijatoka. Mpira mpya nimeshanunua, na fundi anakuja Jumamosi.