Viti vya Nje na Chumvi ya Bahari: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum. Nina benchi la mtiki, limetengenezwa Muheza, nimeliweka uani, si mbali na ufuko. Fundi alilipiga vanishi mwaka jana mwezi wa saba. Masika ilipoingia ikaanza kubanduka, na ubao mmoja wa kukalia umeoza ukingoni ingawa mingine ni mizima. Naambiwa nipige vanishi nyingine juu. Je, ni sawa?
*Msomaji wa Raskazoni, Tanga*

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Usipige. Vanishi mpya itashika ile ya zamani, na ile ya zamani haishiki kitu.

Vanishi isiyo na rangi hupitisha jua. Mionzi huunguza uso wa mbao palepale chini yake, uso unalainika kama unga, na vanishi inabaki inaelea. Mtiki nao, ambao wazee wa pwani huuita msaji, una mafuta yake ya asili, kwa hiyo hata siku ya kwanza vanishi huushika kwa shida. Zaidi ya hapo, vanishi ya samani za ndani ni ngumu. Mbao ikivimba kwa mvua na kunywea kwa jua, yenyewe hupasuka kwenye maungio. Maji yakishaingia kwenye ufa hayapati njia ya kutoka, yanaibandua kwa chini.

Sasa ule ubao uliooza. Utazame kwenye ncha yake. Tunaamini utakuta upande ulioharibika ndio mweupe, na uliobaki una rangi ya kahawia. Sehemu ya kahawia ni kiini cha mti, na ndiyo inayohimili mvua na mchwa. Nyeupe ni ile ya karibu na gome, haina kinga hiyo, na miti iliyovunwa ikiwa michanga huwa nayo nyingi. Hakuna mafuta yatakayouponya. Mwambie fundi aubadilishe, na ukinunua mbao usikubali yenye ukanda mweupe hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Benchi lenyewe lifanyie hivi. Kwangua vanishi yote kwa skrepa, kisha piga msasa namba 80 na umalizie namba 120, ukifuata nyuzi za mbao. Funga pua na mdomo, vumbi la mtiki huwasha. Changanya maji lita 5 na sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza kwa maji baridi mengi. Usiguse steliwaya: vipande vyake vidogo hubaki kwenye nyuzi, vinapata kutu, na kutu ikikutana na maji ya mbao huacha madoa meusi. Madoa kama hayo kando ya misumari hufifia ukiyapaka maji ya ndimu, ukayaacha nusu saa na kuyasuuza.

Liache likauke kivulini penye upepo siku tatu. Halafu lipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa (huuzwa tayari kwa jina la boiled linseed oil, usichemshe mwenyewe), mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, nusu kwa nusu na tapentaini. Subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa kwa kitambaa kila kilichobaki juu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanadhani mafuta mengi ni ulinzi mwingi, kumbe yaliyobaki juu hunata, hukamata vumbi, na ukungu mweusi huyala. Kesho yake rudia kwa mafuta sehemu mbili, tapentaini moja. Ncha za miguu hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo simamisha kila mguu kwenye kifuniko cha kopo chenye mafuta kwa saa moja, kisha liweke benchi juu ya vipande vya raba badala ya udongo.

Tunakusihi sana kuhusu vitambaa ulivyofutia. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kazi hii ifanye Januari au Februari, la sivyo subiri Julai. Na kama hutaki mafuta kabisa, acha mtiki ugeuke rangi ya kijivu na uuoshe tu. Kijivu si uozo.

SWALI: Viti vya chuma vya mgahawa wetu tumevipaka rangi mara mbili mwaka huu, kutu inarudi palepale kwenye mishono ya kuchomelea. Rangi ni feki?
*Msomaji wa Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Inawezekana rangi ni nzima, ila imepakwa juu ya chumvi. Pitisha kidole kwenye kiti asubuhi, kisha kionje. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, chuma kinabaki kibichi hata siku isiyo na mvua, na ikifunikwa na rangi inaendelea kula kimyakimya.

Osha kwanza kwa maji baridi. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, ukibandua na magamba magumu ya kuchomelea. Kisha osha *tena*, maana chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu haitoki mara ya kwanza. Kausha juani, na siku hiyohiyo, kabla ya jioni, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Anza na mishono na kingo peke yake, kwani kwenye ncha kali rangi hukimbia na kubaki nyembamba, halafu kiti kizima mikono miwili. Malizia na rangi ya mafuta mikono miwili.

Kama miguu ni ya bomba, toboa tundu la milimita 5 au 6 chini ya kila mguu. Maji yaliyofungiwa ndani hutoboa bomba kutoka ndani, na hilo hamtaliona mpaka mteja aanguke.

SWALI: Viti vya plastiki vimeota ukijani, na mito ina madoa ya kahawia. Nitumie jiki?
*Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

JIBU: Kwenye plastiki, ndiyo: jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, dakika kumi, suuza. Usichanganye kamwe na siki wala ndimu, inatoa hewa ya sumu. Kiti kinachoacha unga mweupe mkononi kimeshaunguzwa na jua. Kikague miguu, na ukiona ufa usimkalishe mtu.

Mito, kama imekaa chini ya makuti au mti wa mkungu, madoa hayo ni maji ya mvua yaliyopita kwenye majani. Yaoshe kabla hayajakauka, na mvua ikitanda iingize ndani.