Tamthilia za siasa: mtazame anayehamia upande wa pili siku ya mwisho

Mzazi mwenzangu, swali lako nimelisoma asubuhi, nikalirudia jioni. Unasema bintiyo wa kidato cha pili amesoma tamthilia tatu za Kiswahili na amechoka: mtawala katili, kijana jasiri, umati unapiga kelele, pazia. Anauliza kama kuna zaidi ya hapo, na wewe hukuwa na jibu.

Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Kenya kwa miaka kumi na tisa, na karibu kila mwaka nimewapandisha wanafunzi jukwaani, mara nyingine kwa aibu kubwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona huko, si kwa yaliyomo kwenye miongozo.

Kwanza, bintiyo hajakosea. Ukizisimulia kwa mkato zinafanana. Butangi ya Kifo Kisimani, Cheneo ya Mstahiki Meya, Sagamoyo ya Kigogo, hakuna hata moja iliyo kwenye ramani, na zote zina mkubwa asiyeambilika. Hayo majina ya kubuni yana historia yake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliigiza mchezo kwa Kigikuyu kwenye ukumbi usio na paa walioujenga wenyewe. Wiki chache tu, kibali kikafutwa, na mwaka ulipokuwa unaisha Ngugi wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake wawili, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, kuhusu vibarua wa shambani wanaogoma wakiongozwa na mwanamke, na mwaka uliofuata akatiwa ndani. Baada ya hayo, nani angeandika jina la mji halisi? Mwandishi anaupeleka mji wake kwenye nchi ya ngano, na msomaji anaurudisha nyumbani kimyakimya.

Sasa nikupeleke kwenye mazoezi. Mwaka tulioigiza Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, wavulana saba walijitokeza kuwania nafasi ya Mtemi Bokono. Aliyetaka kuwa Mwelusi, yule mpinzani, alikuwa mmoja tu, na hata yeye alianza kwa kumtaka Bokono akakosa. Nilikereka. Niliwahutubia kuhusu uzalendo, nikaona nyuso zinanitazama kama zinavyonitazama nikifundisha ngeli. Baadaye nikaelewa. Bokono ana kiti, ana watu wa kumwinamia, anafoka na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwelusi ana pingu. Siku ya onyesho kila Bokono alipotisha mtu, wanafunzi walishangilia kama wako uwanjani. Hakuna aliyewafundisha kushangilia. Tangu siku hiyo siamini tena kwamba tamthilia hizi zimeandikwa kutuonyesha ubaya wa madikteta. Ubaya wao tunaujua toka tukiwa watoto. Zinatuonyesha jinsi tunavyowafurahia.

Kisha likaja tukio la kisimani. Kama bintiyo hajafika hapo, mwambie aruke aya hii. Anayemwua Mwelusi si askari. Ni Gege, ndugu yake, aliyeahidiwa kumwoa Alida, binti wa mtawala. Kisu chetu kilikuwa cha kadibodi, tumekivika ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara (sikuuliza imetoka wapi, nilipaswa kuuliza). Kijana aliyeigiza Gege alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya. Alipochoma, karatasi ikabanduka ikabaki kwenye shati la mwenzake. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Ukumbi ulinyamaza kiasi cha kusikia viti vikilia. Na wiki nzima iliyofuata yule mtoto alikuwa akinijia ofisini: "Mwalimu, wananiita Gege." Bokono aliendelea kuitwa Bokono naye akijivuna. Gege alihama meza ya kulia chakula.

Watoto walimsamehe aliyetoa amri, wakamkataa ndugu aliyeitekeleza. Nimelifikiria hilo miaka mingi kuliko maudhui yote niliyowahi kuyaorodhesha ubaoni.

Ndiyo maana nikisoma Kigogo cha Pauline Kea, Majoka, mtawala wa Sagamoyo, hanishughulishi sana. Namtazama Boza, mchongaji anayekaa na wenzake kwenye karakana moja, jua lilelile, vumbi lilelile, lakini anamtetea mkubwa kwa sababu mkewe anauza pombe kwa kibali. Na namtazama Kenga zaidi. Kenga ni mshauri. Kila hila ya Majoka imepitia kwake. Lakini siku ya mwisho, umati ulipoelekea kwa Tunu, mwanamke kijana anayempinga Majoka, na mkuu wa polisi akakataa kuamuru watu wapigwe risasi, Kenga anamwacha bwana wake na kujiunga na wananchi. Hivyo tu. Hakuna anayemuuliza kitu. Nimeona vikundi vinavyozunguka shuleni vikiigiza tukio hilo, na kwa kawaida mwigizaji wa Kenga hukumbatiwa na umati, ngoma zinalia, wanafunzi wanasimama.

Mwaka mmoja niliuliza katika jaribio: nani aliyeshinda Sagamoyo? Msichana mmoja, wa kukaa nyuma, akaandika sentensi mbili. Kwamba aliyeshinda ni Kenga, na kwamba uchaguzi ukija atagombea. Nilimpa sifuri. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na hoja nne, na zote zilianza na Tunu. Ile karatasi niliirudisha kwake na sikuweka nakala, na hilo linanikera mpaka leo.

Bintiyo akichoka na ushindi wa umati, mpe basi zile ambazo hazina ushindi. Hapo ndipo Kiswahili kimefanya kazi nzito, na mara nyingi zinasemekana ni ngumu kwa sababu tu hazina mtu wa kumzomea. Kinjeketile cha Ebrahim Hussein kilitoka 1969, miaka minane tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Ni habari za vita vya Maji Maji, 1905, watu walipopigana na Wajerumani wakiamini maji ya dawa ya Kinjeketile yatawakinga na risasi, na wengi husomeshwa kama tamthilia ya ushujaa, umoja, Mjerumani mbaya, basi. Lakini soma alivyo Kinjeketile mwenyewe. Ametabiri akiwa amepandwa na mzuka, na baadaye anashtuka: aliyoyasema yanaashiria kwamba Mjerumani akiondoka watu watakuwa chini ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Yaani wanapigana wamtoe bwana mmoja aingie mwingine. Anataka kuwazuia, hawazuiliki. Neno limemtoka, si lake tena. Na mwisho, akiwa ameshikwa, anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye anajua hayakuzuia risasi. Lakini anakataa kutamka, kwa sababu kukiri huko kungegeuzwa kuwa ushahidi kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Niambie huyo ni shujaa au mwongo. Nimewauliza wanafunzi wa miaka yote hiyo, darasa hugawanyika, na mimi mwenyewe hubadili upande kutegemea na habari za wiki hiyo.

Mashetani, ya mwandishi huyohuyo, 1971, haina hata risasi. Vijana wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu. Familia ya mmoja ilikuwa na mali, Mapinduzi ya Zanzibar yakaichukua. Ya mwingine ndiyo inayopanda sasa. Mchezo unaanza kama utani na unaishia kwa Kitaru kuugua akili na urafiki kufa. Nguzo Mama ya Penina Muhando, 1982, haina dikteta kabisa. Wanawake wanataka kuisimamisha nguzo moja na haisimami. Mimi humo niliona vikao vyote nilivyowahi kukaa, kamati za wazazi zikiwemo. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed ni ya kuchekesha kwa uchungu, lakini mwache akue kwanza.

Kuna wanaosema kwamba tamthilia hazina nguvu siku hizi, watu wako kwenye simu. Aprili 2025 wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walifika Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo, na mchezo wao Echoes of War, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe. Walikuta polisi. Asubuhi ya zamu yao wakaingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza, na nje watu wakarushiwa vitoa machozi. Mwaka 2013 mchezo mwingine wa shule hiyohiyo nao ulipigwa marufuku kabla ya mahakama kuingilia. Kwa kitu kisicho na nguvu, kinalindwa na askari wengi mno.

Mimi sijapata kupigiwa mabomu. Yangu ilikuwa ndogo zaidi. Mchezo tulioutunga wenyewe ulikuwa na mkuu wa kijiji anayekula hela za kisima. Jioni ya kuamkia tamasha mkubwa wangu kazini aliniita, akaniomba kwa adabu sana nimgeuze awe mfanyabiashara. Nikamgeuza. Nilikaa usiku na kalamu nyekundu nikifuta "chifu" naandika "tajiri", mara ishirini na sita, nilizihesabu. Asubuhi niliwagawia waigizaji karatasi mpya. Aliyeigiza chifu akazipitia, akaniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ileile wanayotumia wahusika wa Kigogo wakiwa mbele ya Majoka.

Kwa hiyo, mpe bintiyo Kinjeketile kwanza, hata kama shuleni hawaisomi. Akiimaliza airudie Kigogo, kurasa za mwisho tu, afuate Kenga anasimama wapi kila tukio. Na akiandika jibu lisilo kwenye mwongozo, lipige picha kabla hajamkabidhi mwalimu.