Askari mpya wa trafiki, anza na mkanda wa kidevuni

Wadogo zangu mnaoingia kazini sasa, mtaambiwa kwamba kusimamia sheria ya helmeti za pikipiki ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: ukiona kichwa kitupu, simamisha, andika faini, songa mbele. Nimeifanya miaka mingi. Si nyepesi, na walionifundisha si wale wa vichwa vitupu.

Asubuhi moja tuliitwa kwenye ajali. Helmeti tuliikuta mtaroni, hatua kama ishirini kutoka alipolala mwenyewe, haina hata mkwaruzo. Mkanda wake ulikuwa umekunjwa na kuchomekwa ndani, vilevile ulivyotoka dukani. Dereva alikufa kwa jeraha la kichwa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepita mbele yangu, na nilimpungia mkono apite kwa sababu nilimwona amevaa.

Tangu siku ile siangalii kofia, naangalia kidevu. Mkanda ukifungwa vizuri, vidole viwili tu ndivyo vinapita chini yake. Kisha mwombe dereva ashike helmeti kwa nyuma aisukume juu kuelekea usoni. Ikivuka paji la uso, angekuwa amevaa pambo.

Angalia na ndani. Linalookoa ubongo si gamba la nje peke yake, ni ile foma ngumu iliyo chini ya kitambaa. Inapondeka, na kwa kupondeka inapunguza nguvu ya kishindo kabla hakijafika kwenye fuvu. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kuanguka kwenye ajali haifai tena hata kama inang'aa. Kofia ya mafundi ujenzi haina kinga hiyo, wala yale magamba matupu ya plastiki yanayovaliwa kwa ajili yenu ninyi askari. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40 na ya majeraha mabaya ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Hiyo ni helmeti iliyofungwa.

Someni habari ya Vietnam. Sheria ya helmeti walikuwa nayo kabla, lakini haikugusa barabara zote na watu wengi hawakuijali. Tarehe 15 Desemba 2007 ikawa lazima kila barabara, kwa dereva na abiria, faini zikapandishwa na polisi wakatoka kuisimamia. Mara moja zaidi ya watu tisa kati ya kumi wakawa wamevaa. Naamini kilichowabadilisha zaidi ni uhakika wa kusimamishwa. Operesheni ya siku tatu kila mwisho wa mwaka inafundisha watu kuvaa siku tatu. Simama leo, simama kesho, asubuhi na usiku, na usimwachie unayemfahamu. Ukipokea chochote mkononi, umemuuzia mtu ruhusa ya kufa.

Watoto wa Vietnam walibaki nyuma kwa muda, kwa kuwa mwanzoni hakukuwa na wa kutozwa faini kwa kichwa cha mtoto. Kwa hiyo pikipiki ikisimama, hesabuni vichwa vyote, na mtu mzima aliyembeba mtoto ndiye wa kuulizwa.

Jambo moja sitaki mlijaribu kamwe: kumfukuza asiyevaa. Anayekimbia bila helmeti huku akigeuka kukuangalia yuko hatarini kuliko alivyokuwa kabla hujamwona, na ukimrukia mbele ghafla ni hivyohivyo. Soma namba, mwache aende, mfuate kwa karatasi.

Wanaosimama nawasalimu kwanza. Mkanda ukiwa wazi siwafungii mimi. Nazima injini, namwambia afunge kwa mikono yake, nangoja mpaka nisikie kifungo kimelia, ndipo namrudishia ufunguo.