Barua za babu na jina lisilojulikana

SWALI: Shikamooni. Babu yetu alikuwa mwalimu, ametuachia sanduku la barua. Kadhaa ni za mhariri wa gazeti, zinataja jina tusilolijua. Tunahisi ndilo alilotumia kwenye hadithi zake. Tutathibitishaje? Na tunaruhusiwa kuzichapa? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Msianze kwa kuzipanga. Zilizofungwa pamoja zibaki pamoja, na bahasha isiachane na barua yake, kwa kuwa muhuri wa posta una mji na tarehe ambayo mwandikaji huenda hakuiweka. Namba ziandikwe kwa penseli laini, nyuma, pembeni. Selotepu ni marufuku: gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Kwa mvua za Rungwe, sanduku lisiguse sakafu wala ukuta. Ukungu huanzia huko.

Mfanano wa mtindo hautoshi, waandishi wa zama moja huigana mno. Tafuteni barua inayokutanisha vitu vitatu: jina halisi la babu (la kwenye bahasha linatosha), jina la kubuni, na kichwa cha hadithi. Mwandishi Louisa May Alcott wa Marekani aligundulika hivyo hivyo. Miaka ya 1940 mtafiti Leona Rostenberg alikuta kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard barua tano za mchapishaji wa Boston, za 1865 na 1866, zikimtaja Alcott kwa jina la kubuni, A. M. Barnard. Zilikuwa barua alizopokea, si alizoandika. Kwa hiyo hata vijibarua vya malipo msivitupe.

Mkishapata kichwa, nendeni kitengo cha East Africana (machapisho ya Afrika Mashariki), maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkatafute gazeti lenyewe. Barua ya mhariri ya kuikubali hadithi lazima itangulie toleo. Wengi hukwama hapa, maana wahariri hupenda kubadili vichwa. Basi fuateni tarehe na majina ya wahusika. Na kila hadithi ithibitishwe peke yake, jina moja la gazetini laweza kuwa la watu wawili.

Kuchapa: karatasi ni zenu, lakini maneno ya mhariri ni yake au ya warithi wake, ombeni ruhusa. Hadithi za babu ni suala jingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya jina la kubuni hulindwa miaka 50 tangu ichapishwe. Mwenyewe akijulikana kabla haijatimia, hesabu inahamia kwenye miaka 50 baada ya kifo chake. Angalieni tarehe ya hadithi ya zamani kuliko zote, muanze na hiyo.